Maua ya Mke wa Kwanza

Ardis Lindahl alikuwa kitukuu wa Nils Torkelson, yule aliyeanzisha mji wa Torkelson, Nebraska, na heshima hiyo haikuwahi kumpa hata kikombe cha kahawa cha bure. Kwenye jiwe kubwa la makaburini ameandikwa Nils, na ubavuni mwake Lydia, mke wa pili, mwenye mali. Karen, mke wa kwanza, aliyefia kwenye kibanda cha udongo na nyasi kabla mji haujawa mji, hana hata herufi moja. Na huo ni mji wenye jiwe la kumkumbuka farasi wa zimamoto!

Karen ndiye aliyemzaa bibi yake Ardis. Bibi alijua jambo moja tu: baba yake alimzika Karen kwenye mteremko juu ya kijito, akazungushia kaburi maua mekundu ya peoni, ambayo huchipua kila mwaka asipoyang'oa mtu. Bibi alipokuwa anakata roho alimshika Ardis mkono. "Mtafute mama yangu," akasema. "Usimwache huko peke yake."

Ardis akatafuta mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila majira ya kuchipua alizunguka miteremko na nyaya zake mbili zilizopindwa, zile ambazo watu husema hupishana juu ya kaburi. Majirani walimtania: "Vipi Ardis, leo umegundua mafuta ardhini?" Alicheka nao, kisha akifika nyumbani analia.

Mwaka huu, siku ya kupamba makaburi, alikata maua yake mekundu ya peoni yaliyoota kando ya mlango wa jikoni, akayatia kwenye kopo la kahawa kama kawaida, ayapeleke kwenye kaburi la Nils na Lydia. Merle, mdogo wa marehemu mumewe Leland, alikuja kumchukua na pikapu.

"Bibi alisema yale ya kaburi la Karen yalikuwa mekundu hivihivi," Ardis akamwambia njiani, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Laiti ningeona hata shina moja."

Merle akapunguza mwendo. "Shemeji, kwani Leland alikwambia haya aliyatoa wapi?"

"Alinunua. Zawadi ya harusi."

"Anunue na nini? Mlikuwa hamna kitu nyie. Tuliyang'oa pale juu ya kijito, tulipokuwa tunafungua lile shamba la mahindi. Yalikuwa yameota kwa kuzunguka. Tukadhani palikuwa na nyumba ya mtu. Leland akasema, Ardis atayapenda."

Ardis akayatazama maua koponi. Aliyapenda kweli. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa anamvua Karen maua yake na kumwekea Lydia miguuni.

"Nipeleke huko," akasema.

"Hakuna alama, shemeji. Trekta limepita hapo tangu ujana wetu."

"Nipeleke tu, Merle."

Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, mistari imenyooka toka kijitoni mpaka juu. Hakuwa na wa kumlaumu, maana Leland alimpa kwa mapenzi. Akasimama ukingoni na kopo lake mkononi, hajui aliweke wapi.