Ulezi na Gugu Lake

Nakumbuka siku moja ya palizi, mwanangu, nilipowatukana watu ishirini bila kutumia tusi hata moja. Kipaji cha namna hiyo hupatikana kwa kusoma sana.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo Butiama kwa shangazi yangu Nyangeta, aliyenilea. Alikuwa mjane, na shamba lake la ulezi lilikuwa limezidiwa na magugu. Wewe uliyekulia mjini, Mwisenge, huenda unaujua ulezi kwenye kikombe cha uji tu, lakini shambani haumsubiri mtu. Gugu likiupita kimo, msimu umekwisha. Kwa hiyo shangazi akaita risaga: majirani wanakuja na vijembe, wanampalilia mwenye shida, naye anawapikia. Shida ikihamia kwa mwingine, anakwenda yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Shangazi alikuwa amekwenda kwa wenzake msimu mzima. Sasa ilikuwa zamu yake, na siku mbili zingetosha.

Mimi nilikuja na begi. Ndani mlikuwa na kitabu cha maktaba, maana nilitakiwa kuandika insha juu ya Walembak, watu wa Bengkulu, kisiwani Sumatra, huko Indonesia. Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na mbili na tayari nilijiona mwenyeji wa huko. Nilijua kwamba wanalima mpunga mabondeni, wanagema utomvu wa miti ya mpira, wanavua samaki kwenye mito na vinamasi, harusi zao zinachanganya mila na Uislamu, na shamba la mmoja hulimwa na wengi. Hapo penye shamba kulimwa na wengi ndipo nilipofunga kitabu nikalala.

Asubuhi nikapewa mstari kati ya Mzee Manyama, aliyeongoza kazi, na Mama Wegesa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Sasa elewa, gugu la ulezi na ulezi wenyewe hufanana kama mapacha wa tumbo moja. Nikang'oa kwa bidii kubwa. Mama Wegesa akanyoosha mgongo, akatazama nilikopita.

"Ee, msomi," akasema, "huo unaoutupa ndio uji wa shangazi yako."

Mstari mzima ukacheka. "Mwacheni," akadakia mwingine, "chuoni wanapandaga magugu."

Kilikuwa kicheko cha shambani tu, cha kupunguza jua. Lakini kiliniingia. Nikaweka kijembe chini, nikaenda kukaa juu ya jiwe, nikijifanya nasoma.

Saa saba ukaletwa ugali na dagaa. Watu wakanawa, nami nikanawa, mikono yangu ikiwa safi kuliko ya wote. Nikaona ndiyo nafasi ya kurudisha heshima yangu. Nikawaeleza Walembak. Nilieleza vizuri, lazima nikiri, na nilipoona wananisikiliza nikaongeza chumvi yangu: "Wenzetu wale wanasaidiana kwa moyo. Hawangojei sufuria."

Mzee Manyama alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha sahanini taratibu. Shangazi alikuwa amesimama na jagi la maji, akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi ameingia kanisani. Watu wakanawa tena na chakula kingali kingi, wakapalilia mpaka jioni bila utani, wakaaga kwa adabu. Adabu ile ingenishtua kama ningekuwa na akili.

Kesho yake hakuja mtu. Nusu ya shamba ilikuwa bado, na sufuria ilikuwa imeshainjikwa. Shangazi alingoja mpaka jua lilipopanda, akaipua.

"Nimeishi nao miaka thelathini," akaniambia. "Wewe umewamaliza kwa mlo mmoja." Akachukua kijembe akaenda shambani peke yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikaenda kwa Mzee Manyama, nikiwa nimeandaa hotuba nzima ya kuomba radhi. Nilimkuta anatengeneza zizi. Hakuniacha nimalize sentensi ya kwanza.

"Hao Walembak, umewaonaga?"

"Hapana, mzee."

"Kitabu chako kilisema wakisaidiana hawali?"

"Hakikusema, mzee."

"Kwa hiyo umewasingizia na wao." Akakaza kamba. "Mume wa shangazi yako alipokufa, sisi ndio tulichimba kaburi. Siku ile alitupikia nini?"

Akavuta kamba tena, akafunga fundo.

"Hatukujaga kwa ajili ya ugali, kijana. Ugali ni yeye kutuambia, nimewaona. Na wewe ulimfanya aonekane anatununua." Akaokota mti mwingine. "Usiniombe radhi. Huo mdomo ndio umeharibu, sasa uupumzishe. Kesho alfajiri nenda kwa Mama Wegesa. Naye ana ulezi."

Nikaenda. Mama Wegesa hakushangaa kuniona. Akanionyesha mstari, kisha akainama kando yangu.

"Shika chini kabisa, kwenye shina," akasema. "Gugu linang'ang'ania udongo. Ulezi unakuja kirahisi. Ukiona kitu kimetoka bila kukusumbua, simama. Umeng'oa chakula."

Nilipalilia kwake, kisha kwa jirani wa pili, wa tatu na wa nne. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Siku ya tano watu walirudi kwa shangazi, vijembe begani, na utani ukarudi nao. "Msomi, Walembak wako tuwangoje au tuanze?" Nikacheka, na safari hii nilibaki mstarini.

Lakini upande wa chini wa shamba ulikuwa umekwenda. Gugu lilikuwa limeupita ulezi kimo, na mwaka ule uji wetu uliisha mapema. Shangazi alinijazia kikombe changu, chake akakiacha nusu, akanywa polepole.

Niliporudi chuoni nilifungua ukurasa wa kumi na tatu. Ulieleza kwamba huko kwa Walembak watu wakija kusaidia, mwenyeji hupika, na wote hukaa wakala pamoja.

Basi mwanangu, najua na wewe utasoma mambo ya watu wa mbali, na ni vizuri. Wasome mpaka ukurasa wa mwisho. Ila usiwageuze kuwa fimbo ya kuwachapia watu wa kwenu. Ukichekwa mstarini, usikimbilie kwenye jiwe. Anayekucheka ndiye anayejua kosa lako liko wapi. Ukimkosea mtu, mlipe kwa kazi shambani kwake. Na neno likikutoka mdomoni bila kukusumbua, kumbuka mkono wangu kwenye ulezi wa shangazi: simama, utazame umeng'oa nini.

Mungu akupe majirani wa kukutania. Akupe mgongo wa kuinama kwao na sufuria ya kuwapikia. Na ulezi wako, popote utakapoupanda, ulipite gugu kimo.