Aliyekimbilia Kivukoni

Siku moja naikumbuka kila nikisikia honi ya kivuko, mwanangu, na leo asubuhi imelia wakati nimesimama uani natazama mkwaruzo kwenye ubavu wa kushoto wa gari langu. Sijakuuliza kitu. Umenisalimia shikamoo huku umeinama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa, nami nimekuitikia marahaba nikaingia jikoni kuchemsha chai. Leseni yako bado inanuka upya, na jana ulikwenda Igoma peke yako kwa mara ya kwanza. Basi kaa hapa unisikilize kabla sijauliza. Mtu akiulizwa ghafla hujibu uongo, na uongo ukishatoka mdomoni huona haya kurudi.

Nilikuwa msichana wa rika lako, nikiishi hapa Mwanza kwa shangazi yangu Minza, dada wa baba. Shangazi aliuza mitumba. Siku za gulio tulivuka ziwa kwenda upande wa Sengerema, yeye akitangulia na kikapu cha chakula, maana hakuamini mapishi ya mtu yeyote zaidi ya yake, mimi nikimfuata nasukuma baiskeli iliyofungwa robota la nguo. Robota lile lilikuwa pana kuliko mimi. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba huenda nililitokeza barabarani kidogo, na kwamba katika ajali si kila mara kuna malaika upande mmoja na shetani upande wa pili.

Siku hiyo tulikuwa tunateremka kivukoni, pikapu ikaja nyuma yetu imepakia mabati. Kioo chake cha pembeni kikalinasa robota, baiskeli ikageuka, nikaanguka nayo. Goti likachunika na rimu ya nyuma ikapinda. Hayo ndiyo yote yaliyotokea, mwanangu, na ukiyatazama utaona ni jambo la kufutwa kwa "pole dada" na nyundo ya fundi baiskeli.

Pikapu ikasimama. Kijana akatoa kichwa dirishani akanitazama, na macho yake yalikuwa na hofu kuliko yangu mimi niliyelala chini. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango, niliuona. Lakini watu wakaanza kutukimbilia, na mmoja wao, ambaye hata alikuwa hajafika, akapaza sauti kwamba dereva ameua mtu. Mimi maiti nilikuwa nimekaa nakung'uta vumbi. Kijana akarudisha kichwa ndani. Akawasha indiketa ya kulia, vizuri kabisa kama alivyofundishwa, akatazama nyuma kama barabara ni nyeupe, akaondoka. Mpaka leo sijaona mtu mwingine aliyetoroka kwa adabu namna ile.

Unajua alikimbilia wapi? Kwenye kivuko cha Kamanga. Sisi watu wa ziwa tuna kasoro hiyo moja. Tunaamini maji yakishakaa katikati, jambo limekwisha. Mtu akigombana na wakwe zake huku, anavuka. Akiharibu jina, anavuka, na tunasema amekwenda ng'ambo kana kwamba amekwenda mbinguni. Kijana naye aliona akishafika Kamanga, goti langu litabaki Mwanza. Alichosahau ni kwamba kivuko hakiondoki kwa sababu wewe una haraka. Kivuko kinangoja kijae. Mtoto wa watu alikuwa ametoroka kwenda kupanga foleni.

Sisi tukafika tukichechemea. Shangazi alikuwa amenifunga goti kwa kitambaa alichokichomoa kwenye robota, na kwa hasira alichagua kitambaa kibaya. Tulipopanda kivukoni, jambo la kwanza nililoliona ni ile pikapu, imepangwa mbele kabisa, mabati yake yanang'aa, na dereva wake ameinama kwenye usukani kama mtu anayesali. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kupiga kelele watu wote wajue. Nikafungua mdomo, na shangazi akanishika mkono kwa nguvu iliyoniuma kuliko goti.

"Kabula, nyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama watu waliomo humu. Ukipiga kelele, wewe unadai goti, wao watakulipa maiti. Utaiweka wapi?"

Mwanangu, yale maneno ndiyo yaliyonifanya mtu mzima. Nilidhani nina haki, na kweli nilikuwa nayo, lakini haki ukiikabidhi kwa kundi la watu wenye hasira huwezi kuidai irudi. Hasira hasara. Na nilielewa pia kwa nini yule kijana alikimbia. Nilimwonea huruma kidogo, huruma ambayo sikuitaka.

Kivuko kikaondoka. Tulipokuwa katikati ya maji, shangazi akaenda kugonga kioo cha pikapu kwa kidole, taratibu, kama anayepiga hodi kwa jirani. Kijana akakishusha. Alikuwa analia.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Umemwona binti yangu?"

"Nimemwona, mama. Naomba mnisamehe. Gari si langu, ni la tajiri yangu wa Igoma. Ndiyo safari yangu ya kwanza peke yangu. Nikasema wataniua, na nisipokufa tajiri atanifukuza."

Jina lake lilikuwa Shija. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamfungulia kikapu akampa kiazi, kwa sababu alikuwa na imani kwamba mtu hawezi kusema ukweli akiwa na njaa. Kisha akamwambia maneno ambayo nakupa wewe leo kama nilivyoyapokea.

"Kukimbia watu wenye mawe si kosa la kumlaumu mtu, baba. Lakini ulipowakimbia ulipaswa kukimbilia polisi, umekimbilia ziwa. Sasa bado una nafasi. Tukifika, tupakie na hii baiskeli, twende wote kituoni, useme mwenyewe kwa mdomo wako kabla hawajasema wengine. Mimi nitasema ulisimama na ulilia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

"Nitakwenda, mama," akasema Shija. "Tukifika tu, nitakwenda." Nami nilimwamini. Nadhani hata yeye alijiamini.

Kule Kamanga sisi wa miguu tulishuka kwanza, tukasimama upande wa kushoto wa barabara na baiskeli yetu mbovu. Magari yakaanza kupanda moja moja. Pikapu ikatokea, ikaja polepole, na indiketa ya kushoto ikawaka, anakuja kwetu. Nikainua baiskeli ili niwe tayari. Mbele kidogo alikuwa amesimama askari mmoja, hana habari na yeyote, anakula karanga. Nilimwona Shija akimtazama yule askari. Indiketa ya kushoto ikazimika. Ikawaka ya kulia.

Shangazi aliitazama pikapu mpaka ikapotea. Kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, "Mara ya kwanza alikimbia kwa hofu. Hii ya pili amekimbia kwa akili yake. Twende kituoni, sasa sina la kumwombea."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tulitoa taarifa, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, nikatibiwa goti, na namba ya gari nilikuwa nimeishika kichwani kwa sababu nilikuwa na muda wa kuisoma safari nzima ya kivuko. Polisi walimkuta Sengerema anashusha mabati. Kesi ilipoitwa nilikwenda kutoa ushahidi, na mwanangu, nilishangaa sana. Nilijiandaa kuulizwa habari za goti, lakini goti halikumsumbua mtu. Hakimu alisema kunigusa ni bahati mbaya ambayo ingeweza kumpata yeyote, na huenda robota langu nalo lilichangia. Kilichomkalisha Shija kizimbani ni kuondoka, na kutoripoti. Alipigwa faini na akafungiwa leseni. Tajiri yake naye alikwisha kumpa pikapu dereva mwingine. Mama yake Shija alikuwa amekaa benchi la nyuma, na nilipotoka sikuweza kumtazama usoni, ingawa aliyeanguka nilikuwa mimi.

Baadaye nilimwona mara nyingi pale kivukoni, akibeba mizigo ya watu na kuipakia kwenye magari ambayo angeweza kuyaendesha. Alikuwa akinisalimia vizuri, hana kinyongo. Siku moja akaniambia, "Dada, pale Kamanga mimi moyoni nilikuwa nimeshasimama. Sijui mguu ulikanyaga vipi." Nami nilijua, lakini sikumwambia. Mguu ulikuwa umeshajifunza kukimbia upande wa huku.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukigusa mtu, au baiskeli, au bodaboda, au mbuzi wa mtu, simama. Usipime kwa macho ukajiambia ni kidogo, maana aliyeguswa ndiye anayejua ni kidogo au ni kikubwa, na kuna maumivu yanayoamka kesho yake. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu, na kama huna kata majani uyaweke barabarani kama tunavyofanya siku zote ili asije mwingine akawagonga. Mtazame mtu kabla ya bampa. Toa jina lako, namba ya gari na jina la mwenye gari. Ukiona watu wamepandwa na hasira na uhai wako uko hatarini, ondoka, lakini uondoke kwenda kituo cha polisi kilicho karibu, moja kwa moja, si nyumbani kuoga kwanza, wala kwa rafiki kuomba ushauri. Na hata mkipatana pale pale barabarani, mkapeana mikono, kaandikishe. Aliyesema yaishe leo akiamka na mguu umevimba, kwenye vitabu vya polisi wewe utakuwa mtu aliyekimbia, na bima nayo itakuuliza taarifa ya polisi iko wapi. Kugonga ni shauri moja na kukimbia ni shauri lingine. La kwanza unaweza kushinda hata kama gari lako lina damu. La pili unashindwa hata kama kosa halikuwa lako, na linaweza kukugharimu faini, leseni, hata kifungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Goti langu lilipona kabla ya Jumapili, na Jumapili nilipiga magoti kanisani bila shida. Shija hakushika usukani tena.

Sasa nauliza. Ule mkwaruzo ni wa ukuta, au ni wa mtu? Kama ni ukuta, tutacheka, na utapaka rangi mwenyewe jua likiwa kali. Kama ni mtu, ufunguo huu hapa. Utaendesha wewe, mimi nitakaa pembeni yako mpaka Igoma tumtafute, na kutoka hapo mpaka kituoni, na sitakusemea neno hata moja, ila nitakuwepo. Jana ulichelewa, leo bado hujavuka maji.

Mungu akupe mguu unaosimama kabla hofu haijakushauri. Waliotutangulia wawe mbele yako katika kila barabara, na jina lako litajwe vizuri huku na ng'ambo.

Chai itatungoja. Na kamba za viatu umeshafunga tangu asubuhi, mwanangu. Inuka.