Mstari wa Kijani Dukani kwa Salimu

Juzi nilimwona binti yangu akifuata kwa miguu mishale ya mchezo wa kudansi kwenye kompyuta, nikakumbuka harufu ya kakao iliyoanikwa nje ya duka la kaka Salimu, Kyela mjini. Nilikuwa mtoto; mama alikuwa amelazwa hospitalini, mimi nimeachwa pale. Salimu aliniwekea kwenye kompyuta yake mchezo huohuo, ule wa bure ambao kila mtu aliruhusiwa kuunakili.

“Mstari huu wa kijani ndio uhai,” alisema, akigusa skrini. “Ukikosea, unapungua. Ukiisha, umekufa.”

Nilidhani ni uhai wa mama. Nilibonyeza mishale ya kibodi huku nikilia, nikiogopa kukosea hata mmoja.

Baba akaingia, akaniita taratibu.

“Subiri, baba. Mstari bado umejaa.”

Sasa najua alikuja kuniambia mama ametutoka. Lakini alikaa sakafuni kando yangu, akaungoja muziki uishe.