Gari Ambalo Evelina Alikataa Kulitoa

Mara ya kwanza Nassoro alipolitaka lile gari, alimwuliza mwenyewe. Ilikuwa mchana kwenye kituo cha mafuta cha Mombo, jua likiwaka kwelikweli. Evelina ndiyo kwanza ameshuka kutoka Lushoto, sweta la baridi ya mlimani bado liko mwilini. Nassoro, mfanyabiashara wa machungwa na viungo kutoka Muheza, aliacha gari lake jekundu likinguruma, akaja kulizunguka lile la Evelina kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hili unaliuza?"

"Hapana."

"Basi tubadilishane. Chukua langu jekundu. Ni spoti vilevile, tena jipya."

"Mwanangu, nimesema hapana," Evelina alimjibu, akafunga mfuniko wa tangi na kuondoka. Mpaka anafika Korogwe alikuwa ameshamsahau.

Gari lenyewe lilikuwa spoti ya zamani ya Kijapani, milango miwili, gia za mkono, rangi ya buluu iliyopauka kwenye boneti. Alilinunua kwa jasho lake, baada ya kitinda mimba wake, Loveness, kumaliza chuo. Kwa miaka mingi alikuwa akikusanya kabichi na karoti kwa wakulima wa Shume na Magamba. Abdallah, dereva wa lori la familia, alibeba mzigo kuupeleka Tanga, na Evelina alitangulia mbele kupatana na wanunuzi kabla mzigo haujafika. Watu walicheka waliposikia mama wa kabichi kanunua gari la vijana. Wakacheka hadi walipomwona anavyoteremka nalo kona za Soni. Kicheko kikakatika, na maneno mengine yakaanza.

Kadi ya gari iliandikwa jina la mumewe, Timotheo. Haikuwa hila. Siku ya kwenda kuandikisha, Evelina alikuwa Shume, matope yamemfika magotini, anagombana na mvua. Timotheo alikuwa na safari yake ya Tanga.

"Andikisha tu hata kwa jina lako," alimwambia. "Gari ni letu."

Mwaka jana Loveness alijifungua huko Arusha, na Evelina akapanda basi kwenda kumlea mzazi. Gari alilifunika turubai bandani, akamwachia mumewe ufunguo ili aliwashe mara mojamoja, betri isilale. Alikaa Arusha mpaka mjukuu akaanza kumcheka akimwona. Ndipo akarudi.

Kwenye uwanja wa nyumba yao alikuta viti vya plastiki vimepangwa. Wazee wa kanisa walikuwepo na wake zao, na kwaya ya akina mama imevaa sare. Timotheo, ambaye naye ni mzee wa kanisa, alisimama katikati ya uwanja na suti yake ya Pasaka, anatabasamu kama bwana harusi. Nyuma yake palikuwa na gari jekundu limefungwa utepe mweupe.

"Mama Aron," alisema mbele ya watu wote, "umetutumikia vya kutosha. Hii ni asante yangu."

Vigelegele vikapigwa. Evelina alilitazama lile gari, halafu akatazama bandani. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya pipa. Akalitazama tena jekundu. Alilijua. Alilijua hata kabla hajaona mkwaruzo mdogo chini ya taa, ule aliouona Mombo.

"Langu liko wapi?" aliuliza.

"Nimebadilishana na kijana mmoja wa Muheza, Nassoro wa viungo, nikaongeza kidogo juu. Alinifuata mwenyewe hapa hapa nyumbani. Kijana mwenye adabu sana."

Mke wa mzee mmoja alimshika bega. "Hongera, mwenzangu! Wanaume kama huyu wamebaki wangapi?"

Wakaomba. Wakaliombea gari, wakaombea magurudumu yake na kila atakayelipanda. Evelina alifumba macho kama wengine, lakini hakusikia hata neno moja. Nilisema hapana, alijiambia. Nilisimama pale kwenye jua nikasema hapana mara mbili, naye akapanda mlima kwenda kumwuliza mtu mwingine, na huyo mtu mwingine akasema ndiyo. Maombi yalipokwisha, kila mtu alimtazama akingoja. Akasema asante. Hasira ya kulisema neno lile ilimzidi hata ile ya gari.

Asubuhi iliyofuata alikuwa na kazi Tanga, akalipanda.

Hawezi mtu kusema lilikuwa gari baya. Viti vya ngozi, injini yenye nguvu kupita ile ya zamani, kioo cha picha katikati ya dashibodi. Lakini lilikuwa otomatiki, na lilikuwa na maoni yake. Alipotoka uwanjani likalia kengele. Alipokaribia ukingo wa barabara likalia kengele nyingine. Kwenye mashimo ya njia ya nyumbani tumbo lake likakwangua mawe, krrr, sauti iliyomfanya aume meno.

Kwenye kona za kuteremka Soni ndipo alipotambua alichonyang'anywa. Kila alipoikaribia kona, mkono wake wa kushoto uliondoka wenyewe kwenda kutafuta gia namba mbili, ukakuta kifimbo kifupi kisicho na kazi. Mguu wa kushoto ukakanyaga klachi ambayo haipo, ukapiga sakafu. Katika lile la buluu angeshusha gia, injini ingepandisha sauti, na gari lingejizuia lenyewe huku likimwambia kiunoni, kupitia kiti, jinsi barabara ilivyo: hapa pakavu, hapa pana mchanga, hapa maji ya chemchemi yamevuka lami. Gia ile namba mbili ilikuwa na ukorofi wake asubuhi za baridi. Ilikuwa inakataa, mpaka uiguse kwanza namba tatu ndipo uirudishe, taratibu, kwa vidole viwili tu. Hakuna mtu mwingine aliyeiweza. Timotheo alipojaribu, ilimpigia kelele kama bati linalochanwa.

Hili jekundu halikumwambia kitu. Liliteremka kimya kama lifti ya hospitali. Kwenye kona iliyo juu ya maporomoko, pikipiki iliyobeba magunia ya karoti ilijitokeza mbele. Evelina alikuwa ameshaiona, ameshajua atapita wapi, na gari likashika breki lenyewe, kwa nguvu, mkanda ukamkaba kifua.

"Nani kakwambia?" alilipigia kelele. "Nani kakwambia usimame?"

Mwenye pikipiki alidhani anatukanwa yeye, akajibu kwa Kishambaa matusi ambayo Evelina hakuwa ameyasikia tangu ujana wake.

Sokoni Tanga, Abdallah alipofika na lori na kumaliza kushusha mzigo, alimsogelea akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Mama, samahani nikikwambia. Zamani ukinipita pale mlimani nilikuwa nakusikia toka kona mbili nyuma. Najua mama huyo anakuja, nasogea pembeni. Leo umenipita nimeshtuka, nikafikiri ni mgeni."

"Ni mgeni," Evelina alisema.

Hakurudi moja kwa moja. Alikata kwenda Muheza mjini, akaulizia duka la viungo la Nassoro. Watu walimwonyesha bila shida. Lile la buluu lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, kivulini, limesuguliwa mpaka linang'aa. Boneti lilikuwa limepakwa rangi upya.

Nassoro alitoka akifuta mikono iliyojaa unga wa mdalasini. Alipomwona, uso ulimshuka.

"Shikamoo mama."

Shikamoo haikataliwi. "Marahaba," alisema. "Nassoro, mimi pale Mombo nilikwambia nini?"

"Ulisema hapana, mama."

"Mara ngapi?"

"Mama, mzee mwenyewe ndiye aliyeridhia. Kadi ina jina lake. Mimi sikuiba."

"Sikukuuliza kama umeiba. Nimekuuliza nilikwambia nini. Gari nililinunua mimi, naliendesha mimi, wewe umeliona mkononi mwangu mimi. Nikakwambia hapana. Ukaona hapana yangu haina uzito, ukapanda mlima wote ule kwenda kutafuta ndiyo ya mwanamume. Ungemwuliza mwanamume akakataa, ungekuja kuniuliza mimi?"

Wateja wawili waliokuwa wakinunua iliki waliacha kuongea. Nassoro aliangalia chini.

"Nisingekuja," alisema mwishowe. Angalau hakusema uongo.

"Basi nirudishie. Lako hilo hapo, zima."

Kijana akatikisa kichwa. "Mama, nisamehe kwa nilivyofanya. Lakini kurudisha siwezi. Lile jekundu nilikaa nalo mwaka mzima, nikawa kama abiria. Nikiingia ndani linanifundisha kuendesha. Hili," akaligusa paa, "tangu nilipolipata nalala vizuri."

"Na katika lile jekundu hukosi chochote?"

"Redio tu," alisema.

Hapo Evelina alikasirika kuliko mwanzo, kwa sababu alimwelewa. Kati ya wote waliomwambia hongera, mtu pekee aliyejua kilichoondoka ni huyu aliyekiondoa.

"Nipe ufunguo," alisema. "Nizunguke nalo. Kaa pembeni kama unaogopa nitakimbia nalo."

Nassoro alimpa, naye akapanda upande wa abiria. Evelina aliingia. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma na kuvalishwa kitambaa kipya, ndani kunanukia karafuu. Akawasha. Sauti ilikuwa ileile. Akatoka mjini kuelekea njia ya Amani, namba moja, na alipofika kwenye namba mbili vidole vyake viwili vikaenda kuigusa kwanza namba tatu, kama alivyozoea.

"Hapana, mama, ipeleke tu," Nassoro alisema kwa fahari. "Nimeshaitengenezesha. Fundi wangu kafungua giaboksi yote."

Akaipeleka. Iliingia laini kama kisu kwenye parachichi.

Aliendesha mpaka barabara ilipoanza kupanda, akageuza, akarudi. Lilikuwa gari zima, zuri kuliko alivyoliacha, na halikumhitaji tena. Alizima injini mbele ya duka, akamrudishia Nassoro ufunguo. Kijana alitaka kumfungia mdalasini na iliki kama zawadi. Evelina alimtazama mpaka akairudisha mizani mahali pake.

Alipofika Lushoto jua lilikuwa bado liko juu ya milima. Timotheo alikuwa barazani anamenya mbegu za maboga.

"Umelionaje?" aliuliza. "Linateleza, eh?"

"Baba Aron, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini ulitoa gari langu?"

Timotheo alianza na ile sababu ya zawadi. Evelina akamwacha amalize, kisha akamwuliza tena. Akaja na ile ya umri na mgongo. Akamwuliza tena. Mwishowe mzee akaweka sahani chini.

"Watu walikuwa wanaongea, Evelina. Mke wa mzee wa kanisa anakata kona kama mhuni. Kila kikao lazima mmoja anitanie. Na mimi nilikuwa naogopa. Ukishuka, nakaa hapa nasikiliza mpaka sauti inapotea, halafu naanza kungoja simu ya kuambiwa umetumbukia korongoni. Huyo kijana alipokuja nikaona ni Mungu kamleta. Hili linajizuia lenyewe."

"Ungeniambia unaogopa."

"Ungekataa."

"Ningekataa! Ndiyo! Ningekataa, na wewe ungejua nimekataa, tukaendelea kuishi. Badala yake umeita kwaya. Umenifanya niseme asante mbele ya watu kwa kuporwa."

Alisema kwa sauti iliyofika kwa jirani, na hakujali. Katika ndoa yao yote Timotheo hakuwahi kumsikia akipaza sauti namna hiyo, na sura yake ilionyesha kwamba ndiyo kwanza anaelewa jambo hili ni kubwa.

"Sasa unataka nifanye nini?" aliuliza kwa upole.

"Jekundu ulihamishie kwenye jina langu wiki hii. Nitakachofanya nalo usiniulize."

Timotheo akalihamisha. Evelina aliliuza kwa daktari mmoja wa Tanga aliyependa kengele zake zote. Kwa fedha hizo akatafuta mwenyewe, akikataa moja baada ya jingine, mpaka akapata la kijivu, milango minne, si spoti hata kidogo, lakini la gia za mkono. Kadi ina jina lake. Kwenye kona za Soni linajitahidi, na anaposhusha gia linatoa mlio wa kukohoa ambao bado hajauzoea. Siku nyingine linamchekesha. Siku nyingi linamkumbusha.

Wanawake wa kwaya wanasema Mama Aron hana shukrani. Hajawajibu. Loveness alimpigia simu kutoka Arusha, mtoto analia nyuma yake, akamwambia, "Mama, baba amejuta kweli. Msamehe."

"Nimemsamehe zamani," Evelina alisema. "Ninakula naye, ninasali naye. Lakini hasira ni yangu, Loveness, na hiyo siigawi kwa mtu."

Kisha akamwuliza kama mtoto ameshaota jino.