Nyenje wa Sitalike

Plagini mpya mimi huisalimia kwanza. Isiyoitikia naifuta.

Kwa asiyezijua, plagini ni vijiprogramu unavyopachika kwenye kompyuta ya studio ili kutengeneza sauti: hiki kinaongeza mwangwi, kile kinaondoa mikwaruzo, kingine kinainua besi au kunoa sauti za juu. Maprodyuza wanaoona huzisifia mtandaoni kwa urembo wake, eti zina mbao pembeni na taa zinazocheza. Mimi sioni tangu utotoni. Nikishaipakua, nabonyeza kibodi na kusikiliza programu inayonisomea skrini. Ikisema "kitufe, kitufe, kitufe" bila kutaja ni kitufe cha nini, hatuna undugu.

Kipenzi changu ni plagini moja ya kurekebisha sauti za juu na za chini. Wanaoona husema ina sura mbaya, na ni ya bure. Lakini inaongea. Nikipandisha sauti za juu inataja namba, nikishusha inataja namba. Nimeizoea miaka mingi, na msomaji wangu, yaani ile programu ya skrini, nimemharakisha mno, hata mke wangu husema anasikia kuku wanagombana. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilikuwa napima kwa sikio, namba naziacha zipite, kama matangazo ya vifo redioni ya watu usiowajua.

Studio yangu ni chumba kimoja cha kupanga pale Shanwe, kuta zimejaa trei za mayai na magodoro yaliyochoka. Jirani ni mashine ya kusaga mahindi. Ikiwaka, sakafu inatetemeka, nami naongeza sauti kwenye hedifoni ili kuishinda.

"Baba watoto," mke wangu alikuwa akiniambia, "hizo hedifoni nazisikia mpaka jikoni. Lakini wewe tena! Sikio la kufa halisikii dawa."

Nilicheka. Nilikuwa na jeuri, nikiri tu. Wateja walipouliza nafanyaje kazi bila macho, nilijibu, "Nyie mnaona, mimi nasikia." Jibu hilo niliringa nalo miaka yote.

Mwaka jana, jua likiwa kali kabla ya mvua, alirudi mwalimu wa kwaya mmoja ambaye nilimrekodia nyimbo mara mbili. Ni mtu mpole, hata kulalamika hulalamika kwa kuomba radhi.

"Bwana asifiwe, fundi. Usinielewe vibaya. Wimbo ni mzuri, ila unachoma. Jana tumeupiga kanisani, watoto wakaziba masikio."

Nikalaumu spika za kanisa. Alipoondoka nikafungua kazi yake ya mwaka uliotangulia: kwaya ileile, maikrofoni ileile. Safari hii nikampunguza mwendo msomaji, nikasikiliza namba. Sauti za juu, mwaka ule: mbili. Za sasa: tisa. Nikafungua kazi za wateja wengine za katikati, moja baada ya nyingine. Tatu. Tano. Sita na nusu. Hakuna siku niliyoamua kupandisha kiasi hicho. Mkono ulikuwa unapanda wenyewe.

Nikaweka namba ya zamani kwenye wimbo mpya. Kwaya nzima ikawa kama imefunikwa blanketi. Nikasema maikrofoni imezeeka, vumbi la barabara limeiingia. Nikabadilisha waya. Nikaazima hedifoni za fundi redio. Blanketi likabaki palepale.

Wiki hiyo tulikwenda kijijini Sitalike kwa wakwe zangu. Nilibeba kinasa sauti, kwa sababu mwalimu alikuwa ameomba wimbo urekebishwe na uanze na sauti za porini. Mchana, jua la utosi, tukasogea na mke wangu nyuma ya nyumba, kwenye miti. Nilisikia upepo, lori likipita barabarani, mbuzi. Nikashangaa pori la Katavi limekuwa kimya hivyo. Hata mwaka uliotangulia niliona hivyo, nikadhani ukame umewamaliza wadudu.

"Tusogee mbele," nikasema. "Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu?" Mke wangu alikuwa akipaza sauti, na sikuelewa kwa nini. "Na hawa nyenje? Mimi hata wewe nakusikia kwa shida!"

Nikadhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani sikumwambia lolote. Nilisubiri mashine ya kusaga izimwe kwa chakula cha mchana, nikafungua ile rekodi. Nikatumia plagini yangu kukata upepo, lori, mbuzi na kila kilicho chini ya mitetemo elfu nane kwa sekunde, yaani nikabakiza sauti nyembamba tu, zile za juu kabisa. Nikabonyeza icheze. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikamuuliza msomaji kipimo kinasemaje, akataja namba ambayo kwa kawaida nikiisikia napunguza haraka, maana ni ya juu mno. Nikang'oa hedifoni, nikafungulia spika hadi mwisho, nikakaa mikono mapajani.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Punguza!" mke wangu alifoka. "Unatuua na nyenje zako!"

Kwangu chumba kilikuwa kimya kabisa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku nilipopotea sokoni nikiwa mdogo. Giza nimelizoea, nilikulia humo. Lakini kimya kile kilikuwa kinashuka kidogo kidogo kutoka sauti za juu, na kinakoelekea napajua.

Hospitali waliniambia kilichokwenda hakirudi, nijitahidi kulinda kilichobaki. Nikauliza kitabaki kwa muda gani. Daktari akasema kila mtu na mwili wake.

Wimbo wa kwaya niliutengeneza upya kwa namba. Nilirudisha mbili, nikaacha blanketi libaki, nikajizuia mkono usipande. Mwalimu alikuja na wanakwaya wawili, wakausikiliza hadi mwisho.

"Sasa hivyo!" akasema. "Fundi, macho Mungu alichukua, lakini masikio alikupa."

"Amina," nikajibu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaondoka.

Nimehamisha studio mbali na mashine, na hedifoni siku hizi nazivaa kwa dakika chache tu. Lakini kila Jumatatu asubuhi nawafungua nyenje wa Sitalike. Naanza juu, kwenye kimya, nashuka polepole huku msomaji akinitajia namba, mpaka wa kwanza asikike. Nilipoanza nilimsikia kwenye elfu saba. Jumatatu iliyopita nilishuka mpaka elfu sita.

Nimempima hata mke wangu, bila kumwambia. Nilimrekodi akiongea na jirani uani, nikatafuta sauti yake inakaa wapi. Sehemu yake kubwa iko chini ya elfu nne; kimya kikishuka elfu mbili nyingine, kitaifikia.

Msomaji aliitaja namba hiyo, nami nikamwambia arudie.