Susu na Ukuta wa Korti ya Zamani

Mwezi uliopita nilipita kwetu, upande wa Matinyani, nikakuta zahanati inapakwa rangi. Kijana mwenye brashi akaniuliza kama najua ilijengwa lini. Nilikosa pa kuanzia, rafiki yangu, kwa sababu sisi tulilijua jengo hilo likiwa gofu.

Wakoloni walikuwa wamelijenga liwe korti, na nyuma yake wakaweka seli moja ya mawe. Babu alihukumiwa humo kwa kuficha ng'ombe wake wasichukuliwe na serikali. Alilala selini siku chache, akapelekwa mbali. Hakurudi, wala hatukuletewa mwili.

Miaka ya sabini, chifu alipotangaza kwamba gofu litatengenezwa liwe zahanati, akina mama waliitana kwa mwethya, ile kazi yetu ya pamoja. Susu, nyanya yangu, alikwenda, nami nikamfuata. Tulichota mchanga mtoni, kamba ya mzigo ikimkata kwenye paji la uso. Mchana tulikula isyo, mahindi na mbaazi, kutoka sufuria moja kubwa. Wenzake waliimba. Yeye alimwaga mchanga mlangoni na kugeuka. Wiki tatu nzima hakuingia ndani.

Siku ya kupiga plasta seli, fundi alitoka akasema kuna mchoro ukutani. Susu akanishika mkono, tukaingia. Chini, karibu na sakafu, mtu alikuwa amekwaruza ng'ombe kwenye jiwe, pembe moja imevunjika.

Susu alipiga magoti. "Huyu ni wetu," akasema. "Pembe hii ilivunjika nikiona."

Alimwomba chifu jiwe hilo liachwe wazi.

"Mama, humu watazaliwa watoto," chifu akamjibu kwa upole. "Tusiwawekee mambo ya jela."

Susu akamnyooshea fundi mkono. "Basi nipe mwiko. Nitamfunika mwenyewe."

Alipaka polepole, akianzia kwenye kwato. Mimi ndiye niliyelia.

Miaka yote tangu babu apelekwe, kila jioni, susu alikuwa akimwekea chakula kidogo kwenye kibuyu. Jioni ile alikiosha kibuyu, akakitundika, asikishushe tena.

Alifariki wakati wa ukame wa miaka ya themanini, na wale akina mama wa mwethya wamekwisha mmoja mmoja. Waliozaliwa katika chumba kile ni wengi, nami nawafurahia. Lakini ukiniuliza babu yangu yuko wapi, sina pa kukuonyesha ila ukuta laini uliopigwa plasta.