Diski Nne za Rika Moja

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Kitengela, mtungi mkononi, na lazima niwaambie ukweli, wasomaji wangu: kabla ya huzuni, nilishikwa na hasira. Simu ilitetema mfukoni, nikaitoa kwa mkono uliolowa, nikasoma kwenye kundi la mtaa kwamba mpiga video wetu, mzee aliyerekodi harusi, mazishi na mahafali ya nusu ya watu wa Kajiado, ameaga dunia asubuhi hiyo baada ya kuugua kifua wiki mbili. Watu walikuwa tayari wanabandika picha za mishumaa. Mimi nilisimama pale nimefura kama andazi. Si kwamba nilimkasirikia yeye kwa kufa. Nilijikasirikia mwenyewe, maana sebuleni kwake kulikuwa na kazi yangu iliyolala miezi minane bila kumalizwa, na ndani ya kazi hiyo alikuwamo mama yangu.

Nitaeleza pole pole, jinsi yeye mwenyewe angetaka. Alikuwa Mmaasai wa Kisaju aliyehamia mjini na kamera moja, na sijawahi kuona mtu asiye na haraka kama yeye. Kuna harusi aliyorekodi huko Ewuaso Kedong ambapo bwana harusi alishafika mlangoni mwa kanisa, waimbaji wameshapandisha sauti, mzee akagundua kwamba kioo cha kamera kina vumbi. Akamrudisha bwana harusi mpaka langoni, pamoja na waimbaji, pamoja na wazee wawili wenye fimbo. Akatoa kitambaa, akakikung'uta, akafuta kioo kwa utulivu wa mtu anayemwosha mtoto mchanga. Wanasema bibi harusi aliingia kanisani na miaka ishirini na nne, akatoka na thelathini na moja. Natia chumvi, lakini si nyingi. Nimeiona video ile. Haina punje ya vumbi.

Video zote alizihifadhi nyumbani, ndani ya kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate, kilichokaa chini ya televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama kila kitu cha maana katika sebule zetu. Ndani yake mlikuwa na diski nne. Kisanduku kiliunganishwa na intaneti ya nyumba, hivyo mtu yeyote aliyeketi kwenye kochi angeweza kufungua video kwa simu yake. Uzuri wake ni kwamba diski zile zilisaidiana mzigo: moja ikifa, tatu zinabaki na kila kitu. Zikifa mbili, hakuna kitu. Mashine yenyewe iliziita ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, lakini mzee alikataa katakata. "Mali yako huihesabi hivyo," aliniambia. Akazipa majina ya ng'ombe kwa rangi, akabandika utepe wa fundi wa stima: Narok mweusi, Nanyokie mwekundu, Naibor mweupe, na Sambu wa mabakabaka, aliyebandikwa tepe mbili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Baadaye nitawaambia jinsi tepe zile zilivyoniokoa.

Mwaka jana wakati wa kiangazi alinipigia simu. Mimi, kama mjuavyo, ni mhitimu wa shule ya usiku, na cheti changu cha kompyuta nimekitangaza hapa Kitengela mpaka mbuzi wanakijua. Mwanawe anayeishi ng'ambo alikuwa amemtumia tangazo la kampuni iliyotengeneza diski zile. Tangazo lilikuwa la Kiingereza kigumu, limefichwa chini kabisa ya ukurasa kama vile waliona aibu. Lilisema kwamba programu iliyo ndani ya diski yenyewe, ile inayoiongoza kuzunguka na kusoma, ina kasoro: diski ikitimiza idadi fulani ya saa za kufanya kazi, inajifunga na haifunguki tena. Dawa ni kuisasisha programu hiyo kabla saa hazijatimia. Kisanduku chenyewe hakiwezi kufanya hivyo. Lazima ukizime, utoe diski, uiunganishe na kompyuta ya mezani, uwashe kompyuta kwa flashi uliyoiandaa, kisha uombe Mungu. Hebu fikirieni, wasomaji. Unauziwa kitu chenye siku ya kufa ndani yake, halafu siku yenyewe unaandikiwa mahali ambapo hata mwenye miwani mitatu hawezi kuiona.

Nilisoma nikamweleza. Akasema jambo ambalo cheti changu hakikuwa kimelifikiria.

"Hizi nne nilizinunua siku moja. Niliziwasha siku moja."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hivyo ni rika moja. Zilitahiriwa siku moja, zitazeeka siku moja. Hii maneno ya moja ikifa tatu zinabaki ni uongo. Zitakufa zote saa ile ile."

 Mle ndani mlikuwa na video ya mahafali yangu ya shule ya usiku, na katika video hiyo mama yangu anasimama kuzungumza. Mama alitutoka miaka mitatu baadaye, na hakuna mahali pengine duniani sauti yake iliporekodiwa. Picha ninazo, hata za kugawa. Sauti ilikuwa mle tu.

Basi tukaanza na Narok. Alikubali programu mpya kwa dakika kumi, nami nikamrudisha na kunyoosha mkono nimtoe Nanyokie. Mzee akaushika ule mkono. Akachukua wembe, akakata kona ya utepe wa Narok, sawasawa na alama ya sikio la ng'ombe, ili ajulikane kwamba amepata dawa. Kisha akawasha kisanduku na kukiamuru kijikague chote, video baada ya video, kazi ya karibu siku nzima.

"Mzee, dakika kumi tu nyingine. Tutamaliza zote leo."

"Na kama hiyo dawa ni sumu? Afadhali tujue kwa ng'ombe mmoja. Rudi kesho."

"Kesho niko na kazi!"

"Basi rudi kesho kutwa. Wewe Mkamba, nani anakufukuza?"

"Hakuna anayenifukuza. Ni wewe unanizeesha!"

"Kuzeeka si vibaya. Mimi nimejaribu."

Mkewe alicheka kule jikoni, na kicheko hicho ndicho kilichoniudhi. Nilichukua flashi yangu nikaondoka. Peke yake hangeweza, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, maandishi ya ile skrini hakuyaona. Kila baada ya wiki mbili alinitumia ujumbe mfupi: "Mkamba, Nanyokie anakungoja." Nami nilijibu: "Wiki ijayo, Mzee." Nilijibu hivyo miezi minane. Nilikuwa na shughuli gani? Nimejaribu kukumbuka ili niiandike hapa, na sikumbuki hata moja.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda kuwapa pole. Mama mwenye nyumba, mjane wake, aliniangalia kutoka kwenye kiti chake. "Sopa," nikamsalimu kwa Kimaasai. "Ipa," akaitikia, kisha bila kuzunguka: "Umefika. Alikizima kile kitu, akaniambia kisiwashwe mpaka yule Mkamba mwenye haraka arudi." Akanipa daftari. Mzee alikuwa akiandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri, saa zilizobaki, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na tano moja kubwa, iliyolala ubavu. Saa tano. Na macho yake yalivyokuwa, hiyo tano sikuiamini hata kidogo. Muda wa kukagua polepole tuliwahi kuwa nao mwingi, tena wa kumwaga. Niliutumia kununa.

Mama alitaka video ya harusi yao ionyeshwe siku ya mazishi, Jumamosi, kule Kisaju. Nikaahidi. Ijumaa nikafika asubuhi na mapema, na stima ikapotea mtaa mzima, ikabaki imepotea mpaka jioni. Sitaandika maneno niliyoyasema siku hiyo, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Jumamosi asubuhi ilirudi. Nilizitazama zile tepe, nikajua mara moja kwamba ni Narok peke yake mwenye kona iliyokatwa. Nanyokie alikubali dawa, nikamkata kona. Nikamtoa Naibor, nikamuunganisha, mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini, ukafika karibu na mwisho, ukasimama.

Ukasimama dakika kumi. Ukasimama nusu saa. Juu yake imeandikwa kwamba ukizima sasa, umeiua diski. Na ndipo mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaingia, suti nyeusi, kitambaa cha jasho mkononi.

"Fundi, iko wapi video? Gari la mwisho linaondoka."

"Haiko tayari. Diski iko katikati ya kubadilishwa programu."

"Si urudishe tu, uwashe, utoe hiyo moja? Dakika tano!"

"Nikiichomoa, imekufa. Na kuna nyingine haijapata dawa, imebakisha saa za kuhesabu. Ikifa na hiyo, harusi zote zimeenda, mazishi yote yameenda. Yako pia, mwenyekiti. Ya ubatizo wa watoto wako iko humu."

"Yaani watu wamekaa kwenye jua wanangojea mtu anaangalia mstari?"

"Ndiyo."

"Mstari hata hausongi!"

"Nauona."

Alinyoosha mkono kwenye waya. Mimi ni mtu wa kilo hamsini na nane nikiwa nimebeba mtungi wa maji, lakini siku hiyo nilikaa juu ya ile meza kama tembo. Aliniita majina ambayo kanisani hayatumiki. Kisha gari likapiga honi, akatoka, na nyumba nzima ikaenda kumzika mzee Kisaju bila mimi. Ndiyo, wasomaji. Wale mlioniuliza kwa nini sikuonekana kaburini, na wale mliosema kwamba nimelewa sifa za kuandika gazetini mpaka nikadharau maiti, jibu ndilo hili. Nilikuwa nimekaa peke yangu mbele ya mstari wa kijani, naitazama balbu ya sebule na kuiomba isizimike, wakati wanaume wenzangu wanashika sepetu.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, na niliyoyafikiri hayakunipendeza. Tunamsifu mtu mwepesi. Fundi akimaliza upesi tunamwita hodari. Akisema "ngoja nikague" tunamwona mzembe au anatafuta njia ya kutuchelewesha. Halafu tunampelekea mtu mmoja, mzee mwenye macho mabovu, vitu vyetu vyote tusivyoweza kuvipata tena, tunamwachia miaka kumi chini ya kitambaa cha kufuma, na hatuendi hata kuuliza kama bado vipo. Alikuwa akiwapigia watu simu, mkewe aliniambia. "Kujeni mchukue yenu." Wote walikuwa na wiki ijayo, kama mimi.

Alasiri, mstari ukasogea. Haukunipa sababu yoyote. Naibor akapona, Sambu akafuata kwa dakika kumi bila maneno, nikakata kona zote mbili kwa wembe wa marehemu. Nikawasha kisanduku. Taa nne za kijani. Nikakiamuru kijikague chote, nami sikuondoka.

Waliporudi kutoka Kisaju, Mama aliingia na vumbi la makaburini kwenye viatu, akauliza neno moja tu: "Imekubali?" Nikamwambia imekubali. Akaketi, akaona harusi yake yote, na alipomaliza akasema, "Sasa tafuta yako." Nikaifungua ile ya mahafali. Mama yangu anasimama, kilemba kimekaa upande, anamwambia mtu asiyeonekana, "Nashukuru Mungu," na anaanza kuketi. Ndipo sauti ya mzee inasikika nyuma ya kamera: "Hapana, Mama, usikimbie. Simama tena, useme yote." Mama anacheka, anasimama tena, anasema yote. Anasema jinsi nilivyokuwa nikirudi usiku na madaftari ndani ya shati ili yasilowe. Anasema yeye hajui kusoma lakini alikuwa akinisubiri ili asikie nikisoma kwa sauti, na kwamba alikuwa akijifanya amelala. Hilo la kujifanya amelala sikuwahi kulijua.

Mwenyekiti hajanisalimia mpaka leo, na namwelewa. Kukosa mazishi ya mtu ni deni ambalo hakuna safu ya gazeti itakayolifuta. Lakini somo nililolipata nitaligawa bila kulipamba. Uangalifu unakula muda, na muda huo unapatikana mwanzoni tu, wakati bado unaonekana kama uchelewaji. Ukimkatalia mtu mpole nafasi yake ya kukagua leo, utakuja kuifanya kazi ile ile peke yako, bila nafasi ya kukosea, huku watu wanapiga honi nje. Mjane wa mzee hupokea wageni Jumapili baada ya ibada. Kisanduku kinafanya kazi. Nendeni na diski zenu, mnakili vilivyo vyenu, mkae mpaka viishe kunakiliwa, kisha mvifungue pale pale na kuvitazama mpaka mwisho kabla hamjasimama kwenye kochi.